Nani wa Kumpokea Yudith

Siku ya tatu ya homa, Yudith alianza kuongea na ng'ombe aliyeuzwa miaka sita iliyopita. Alimwita kwa jina lake, akamkemea asiguse migomba, kisha akacheka peke yake. Mumewe, Mzee Eliufoo, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda na kitambaa kibichi mkononi, aligeuka kutazama mlangoni. Halafu akajionea haya kwa kugeuka.

Kulikuwa ndiyo kwanza kunakucha. Mwaka ulikuwa 1975, mwezi wa Mei, na mvua za masika zilikuwa zimeacha madimbwi kila mahali katika Mshikamano, kijiji kipya cha tambarare, njia ya kwenda Kihurio. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, kila moja na namba yake mlangoni. Eliufoo alikuwa balozi wa nyumba kumi, kuanzia thelathini na moja hadi arobaini, na asubuhi ile katika nyumba sita kati ya hizo kulikuwa na mtu anayetetemeka chini ya blanketi.

Huko walikotoka, Ighandu, juu mlimani, homa ya namna hii hawakuizoea. Kule kulikuwa na baridi na ukungu, na ndiva, bwawa la maji waliyoichimba mababu. Operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vipya ilipokuja mwaka uliotangulia, nusu ya watu wa Ighandu waliteremshwa na nusu wakaachwa, kwa mpango ambao hakuna aliyeuelewa sawasawa. Huyu alitakiwa ahame, jirani yake abaki, wa tatu ahame. Eliufoo hakuteremshwa na mtu. Alijiandikisha mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka sitini na miwili aliyejifunza kusoma utu uzimani, katika darasa la jioni kwa mwanga wa chemli, na alipoambiwa kwamba kijiji kipya kitahitaji watu wanaojua kusoma, kifua kilimjaa.

Yudith ndiye aliyekataa. "Baba Kaanaeli," alimwambia siku ile akikwangua sufuria ya makande bila kuinua macho, "joto la kule chini litaniua."

"Kuna upepo. Na madirisha nitaweka mawili."

"Upepo wa kwenye barua za Serikali."

Mwishowe alikubali kwa sharti moja, kwamba akiugua arudishwe juu kwa dresa Tumainieli, mhudumu wa zahanati ya Ighandu, aliyemtibu miaka tisa na kuujua mwili wake kama mwalimu anavyolijua daftari la mwanafunzi. Eliufoo aliahidi. Kuahidi kulikuwa rahisi, kwa sababu wakati ule Yudith alikuwa na nguvu za kubeba mkungu mzima wa ndizi kichwani.

Sasa ahadi ilikuwa imelala kitandani ikiongea na ng'ombe.

Hospitali ya Same haikufikika. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji mwezi uliopita na basi halikuonekana tena. Mshikamano yenyewe ilikuwa na msingi wa zahanati, mawe yamepangwa vizuri, na mbuzi walikuwa wakilala ndani yake. Ilibaki kupanda mlima.

Kaanaeli, mwana wao mkubwa, alifunga magunia ya mkonge kwenye miti miwili, ikawa machela. Wabebaji wengine watatu walitoka nyumba za jirani, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Mpare. Sefu wa nyumba thelathini na nne alikuwa mtu wa Kigoma, mkata mkonge wa miaka kumi na mitano. Respicius, Mhaya mpole, alikuwa na mabega ya kuchukua magunia mawili. Athumani alikuwa mtu ambaye siku nzima angeweza kusema maneno manne. Wapare wenzake Eliufoo walikuwa wamepewa nyumba upande wa pili wa kijiji, na wengi wao walikuwa wagonjwa.

"Shikamoo mzee," Sefu alisema akiinamia mlango. "Mama ameamkaje?"

"Marahaba. Ameamka na ng'ombe."

Sefu alikuwa mtu wa mzaha, lakini kwa hilo hakucheka. Mkewe, Mwanamkasi, alikuja na kanga yake akamfunika Yudith kifuani. "Mpelekeni salama," alisema. "Na wewe Sefu, mdomo wako uuache hapa nyumbani."

"Mdomo ndio unaonivutia pumzi, mke wangu."

Waliondoka kwa njia ya mkato, ile inayopanda wima. Njia ya punda ilizunguka ng'ambo ya bonde, nayo ilikuwa ndefu mara mbili. Eliufoo alitangulia na fimbo yake, amevaa koti lake jeusi la mikutano. Hakujua kwa nini amelivaa. Mkono ulikwenda msumarini wenyewe.

Jua lilipoanza kuchoma migongo walifika mto Kisevu, na hapo ndipo balaa ilipoanza, ingawa mtu wa kupita asingeona balaa yoyote. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mawe ya kukanyagia yalikuwepo.

"Mwekeni chini," Eliufoo alisema. "Hapo, kwenye jiwe bapa."

Wakamweka. Eliufoo alisogea ukingoni, akaweka viganja mdomoni, akaita kuelekea ng'ambo, ile sauti ndefu ya watu wa mlimani inayoanza chini na kumalizikia juu. Akaita tena. Ndege waliruka kutoka kwenye mti wa miiba, basi.

"Unamwita nani, mzee?" Respicius aliuliza.

"Watu wa Kwamsika. Ng'ambo hii ni yao. Watakuja kumpokea."

Mlima ule ulikuwa na mito mitatu kutoka tambarare hadi Ighandu, na kila mto ulikuwa mpaka wa kitongoji. Mgonjwa wa machela hakuvushwa na waliomleta. Aliwekwa kwenye jiwe bapa, watu wa ng'ambo wakaitwa, na aliyemleta akasema, "Yu hai, mpokeeni." Wa ng'ambo wakajibu, "Tumempokea, kaeni mpumzike." Wakatia mabega wao, mpaka mto mwingine. Hivyo hakuna aliyechoka kupita kiasi, na mlima mzima ulijua nani anaumwa. Maiti pekee ndiyo haikupokewa. Walioiinua maiti walikwenda nayo moja kwa moja hadi mwisho, mito yote mitatu, bila kuita mtu. Kwa hiyo kumvusha mgonjwa bila kupokewa kulikuwa sawa na kutangaza msiba.

Eliufoo hakuwa mtu wa ushirikina. Katika darasa la jioni alikuwa amesimama mara mbili kuwaeleza wenzake kwamba homa huletwa na mbu na si jicho la jirani. Alikuwa amefukia makopo yote ya nyumba kumi kwa mikono yake. Alijua kabisa kwamba mto ni maji yanayoteremka. Lakini aliponyanyua mguu kuweka kwenye jiwe la kwanza, mguu ulikataa, na akabaki amesimama hivyo kama korongo.

"Tupumzike kidogo," alisema.

Walipumzika. Jua likapanda. Yudith akamwuliza marehemu mama yake kama maharage yameiva. Kaanaeli, aliyelijua jambo lile lakini hakuweza kumtangulia baba yake kulisema, alikata kijiti akakivunja vipande vidogo, akakata kingine. Kila baada ya muda Eliufoo aliita, na Kwamsika haikujibu. Hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Operesheni ilikuwa imechukua nusu ya watu wa Kwamsika, lakini nusu ni watu bado. Wamekwenda wapi? Wamekasirikia nini? Au wamesikia, wanakataa kumpokea mtu aliyejiandikisha mwenyewe kuhama?

Ng'ambo ya bonde, mbali kwenye njia ya punda, walisikia punda wakilia, wengi kwa pamoja, na kengele zao, na sauti za wanaume wakiwahimiza.

"Sikieni," Sefu alisema. "Hata punda wanahamia Ujamaa."

Respicius alicheka. Eliufoo hakugeuka hata kutazama. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya mto.

Zilipita kama saa mbili. Hatimaye Sefu alisimama, akajipangusa makalio.

"Mzee, nisamehe. Mimi ni mgeni. Lakini naona mama anakauka midomo, na maji haya hayamfikii mtu magotini. Tunamngoja nani hasa?"

Kaanaeli ndiye aliyeeleza, kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Sefu alisikiliza hadi mwisho bila mzaha. Athumani alikuna kidevu.

"Kumbe ni hilo," Sefu alisema. Akakunja suruali, akavuka mto kwa hatua sita, akageuka na kusimama ng'ambo mikono kiunoni. "Haya. Nipo Kwamsika. Mnipe mgonjwa."

"Wewe?" Eliufoo alisema.

"Mimi. Kwani wanaopokea wana mikia?"

"Wewe si mtu wa Kwamsika."

"Nimeshafika. Kama kuna mwenye Kwamsika, na aje anifukuze." Akangoja, akatazama huku na huku. "Hayupo. Mzee, mimi nimesikia Mpare anaweza kumpeleka jirani mahakamani kwa sababu ya kuku aliyechungulia uani kwake. Basi mnipeleke mahakamani kesho. Leo nipeni mama."

Eliufoo alilitafakari jambo lile kama mzee wa baraza, kwa haki zake zote. Mtu wa Kigoma, anayekaa nyumba namba thelathini na nne Mshikamano, anaweza kupokea kwa niaba ya kitongoji kisicho na watu? Hakuwahi kusikia. Lakini hakuwahi kusikia pia kwamba amekatazwa. Alimtazama mkewe, akaona nzi ametua kwenye kona ya jicho lake na jicho halipepesi.

"Yu hai," alisema. "Mpokeeni."

"Nisemeje?"

"Sema mmempokea, tukae tupumzike."

"Tumempokea. Lakini msikae, tafadhali, njooni mnisaidie kubeba."

Mito miwili iliyobaki waliivuka kwa namna hiyohiyo, Sefu akitangulia na kupokea, na mara ya tatu alikuwa amekwisha kulikariri neno zima. Njiani walipita nyumba zilizofungwa na nyumba zilizo wazi zisizo na mtu, kuku tu uani. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akianika ulezi aliwatazama kwa mshangao, akapaza sauti kuuliza kitu, lakini walikuwa wakipumua kwa nguvu kiasi kwamba hakuna aliyesikia vizuri, na Eliufoo alimpungia fimbo tu. Zahanati ilikuwa karibu.

Zahanati ya Ighandu ilikuwa na kufuli mlangoni.

Kufuli peke yake lisingemtisha Eliufoo. Alichungulia dirishani. Ndani palikuwa patupu. Kabati halikuwepo, kitanda hakikuwepo, na ukutani palibaki alama safi ya mraba ambapo picha ya mama na mtoto ilikuwa imening'inia. Alikwenda dirisha la pili kana kwamba litaonyesha chumba kingine.

Mlinzi, Gideoni, alikuja kutoka nyuma akiwa na pembe ya tandala begani, ile inayopulizwa kuwaita watu kwenye msaragambo, kazi ya wote ya kijiji. Walikuwa marika, na kwa miaka kumi na minne walikuwa na kesi ya mpaka wa migomba ambayo hakuna kati yao aliyetaka iishe.

"Eliufoo," Gideoni alisema. "Umefuata nini huku?"

"Tumainieli yuko wapi?"

"Tumainieli? Yuko kwenu! Ameteremka asubuhi na punda saba, na wanaume wote wa mlima wamebeba makabati. Nilipuliza pembe tangu jana. Vitongoji vyote vitatu vimekwenda." Akaiona machela. Akaona ni nani. Uso wake ukabadilika. "Mungu wangu. Mama Kaanaeli."

Eliufoo alisikia maneno moja moja lakini hayakutaka kukaa pamoja. Punda. Wanaume wote. Kwamsika. Kwenu.

"Zahanati imehamia Mshikamano," Gideoni alisema polepole, kama anavyoongea mtu na kiziwi. "Leo, tarehe kumi na nne. Barua ililetwa kwenu wiki tatu zilizopita, na ninyi mna msomaji. Hukuisoma?"

Wabebaji wote wanne walimtazama Eliufoo.

"Haikufika," alisema.

Barua ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti jeusi, upande wa kushoto. Aliisikia ikikwaruza alipovuta pumzi. Alikuwa ameisoma mkutanoni mbele ya watu mia moja na zaidi, kwa sauti, bila kukwama hata mara moja, hata kwenye neno "utekelezaji", na watu walimpigia makofi. Kabla ya hiyo alikuwa amesoma nyingine nne. Ya kwanza ilisema pampu ya maji itafika mwezi wa kumi. Ya pili ilileta habari za mabati, ya tatu mwalimu, ya nne lori la unga, na zote zilikuwa na tarehe, na tarehe zote zilipita zikiwa tupu, isipokuwa lori lililokuja miezi miwili baadaye na mahindi ya njano yenye wadudu. Ikawa desturi. Barua inakuja, Eliufoo anaisoma vizuri, watu wanapiga makofi, anaikunja. Hakuna aliyehesabu siku, hata hawa wabebaji wanne waliokuwa wakipiga makofi. Siku hii moja Serikali ilikuwa imefanya ilichosema, tarehe ileile iliyoisema, na msomaji alikuwa amempandisha mkewe mlimani kuikimbia dawa iliyokuwa ikimteremkia.

Wale punda. Alikuwa amewasikia kwa masikio yake.

"Dawa hakuna hata chembe?" Kaanaeli aliuliza.

"Alifagia hadi pamba," Gideoni alisema. "Unamjua Tumainieli."

"Basi tunarudi," Sefu alisema. Alikuwa amekaa chini na mabega yake yalikuwa yamechubuka kupita shati. Respicius alikuwa akitetemeka mapaja. Hawa walikuwa watu wa tambarare, mlima ulikuwa umewamaliza, na hakuna aliyejua wangeshukaje na machela bila kumwangusha.

Gideoni hakuuliza mtu. Alipanda kwenye jiwe la mbele ya zahanati, akapuliza pembe. Ilipiga mlima, ikarudi, akapuliza tena. Wakaja wanawake, kwa kuwa ndio waliobaki, na majembe mabegani kwa sababu pembe ni kazi. Dorkasi, mke wa Gideoni, alikuwa mbele.

"Msaragambo gani tena?" alifoka. "Mmehamisha zahanati, sasa mnahamisha kanisa?"

Kisha alimwona Yudith, akaliacha jembe likaanguka lenyewe.

Wanawake kubeba machela halikuwa jambo lililopata kuonekana Ighandu. Eliufoo alifungua mdomo aseme hivyo, maana ndivyo mdomo wake ulivyozoea. Dorkasi alikwisha kutia bega.

"Umesimama njiani, Baba Kaanaeli," alisema. "Sogea."

Wakateremka, na wale wanne waliochoka wakibadilishana nao palipokuwa na miteremko mikali. Hofu mpya ilimshika Eliufoo: je, Tumainieli akiambiwa mgonjwa amepanda, naye akapanda kuwafuata, atapita njia ipi? Wanaweza kupishana tena. Wanaweza kupishana siku nzima, wao wakiwa na mgonjwa na yeye akiwa na sindano, mmoja anashuka, mwingine anapanda. Alisema wakamate njia ya punda. Halafu akasema hapana, ya mkato. Kisha akasimama njia panda akageuza kichwa mara tatu.

"Fuata ya mkato," Gideoni alisema. "Mimi nitapiga pembe kila kona. Mwenye masikio atajua tulipo."

"Lakini wakifikiri ni kazi?"

"Si kazi hii?"

Mto wa kwanza kutoka juu waliukuta hauna mtu wa kupokea. Sefu alivuka akapokea, na wanawake wa Ighandu wakamtazama mtu huyu mfupi wa bara akisema maneno ya babu zao kwa lafudhi ya Kigoma. Hakuna aliyecheka. Mto wa pili akapokea tena, sauti imekauka. Pembe ilikuwa ikilia nyuma yao. Yudith alikuwa ameacha kuongea. Alikuwa ameacha na ng'ombe, ameacha na marehemu mama yake, na Eliufoo, aliyekuwa amekerwa na maneno yale tangu alfajiri, sasa alitembea kando ya machela akiyaombea yarudi.

"Mama Kaanaeli," alimwita. "Maharage yameiva?"

Hakujibu.

Walipokaribia Kisevu, njia ilipinda, na kabla hawajaona maji walisikia watu. Watu wengi walikuwa wamesimama ng'ambo, upande wa tambarare, kwenye jiwe bapa na majani ya kando yake. Walikuwepo wanaume wa Kwamsika na wa Ighandu, bado na kamba za mizigo shingoni. Walikuwepo wanawake wa nyumba thelathini na moja hadi arobaini, na mtu wa nyumba thelathini na tatu aliyekuwa mgonjwa mwenyewe, amejifunga shuka kichwani. Mbele yao wote alikuwa Mwanamkasi, na kando yake Tumainieli, ameinua mfuko wake wa dawa juu ya kichwa kama mtu anayevuka mafuriko.

"Tumesikia pembe!" Mwanamkasi alipiga kelele. "Nimemwambia dresa njoo hivi, wamepita huku! Mleteni, mleteni!"

Wanawake wa Ighandu walisimama ukingoni wakaishusha machela. Walikuwa wakimngoja Eliufoo. Ilikuwa zamu yake kusema.

Alitazama ng'ambo. Hakujua wale ni watu wa kitongoji gani. Upande ule wa mto haukuwahi kuwa na watu wa kupokea. Ulikuwa tambarare tu, mahali pa swala na mkonge wa wazungu, mahali ambapo mgonjwa aliteremshwa na kupakiwa kwenye gari. Na yeye mwenyewe alikuwa amesimama upande upi? Alikuwa anatoa au anapokea? Alitaka kusema yale maneno, lakini neno la kwanza lilikuwa "yu", na la pili lilikuwa "hai", na hakuwa na hakika nalo. Alipiga magoti, akaweka mkono chini ya pua ya Yudith. Aliuacha hapo muda mrefu. Pumzi ilikuja, ya moto, fupi.

"Yu hai," alisema.

Mwanamkasi hakungoja lililobaki, wala hakujua kwamba kuna lililobaki. Alikuwa ameingia majini na viatu vyake, na nyuma yake nyumba kumi zote.

Tumainieli alimchoma sindano palepale kwenye jiwe bapa, kisha akakaa kando yake akimhesabia mapigo ya mkono, akimtia matone ya maji ya sukari midomoni kwa kijiko. Watu walikaa kwenye majani. Jua lilianza kuinama upande wa Same. Hakuna aliyeondoka. Baada ya muda mrefu Tumainieli alifuta uso wake kwa mkono wa shati.

"Ameanza kutoa jasho," alisema. "Hilo ni zuri." Halafu, bila ubaya wowote, kama mtu anayetafuta tu la kusema: "Lakini mzee, mbona mlipanda? Si niliambiwa barua uliisoma wewe, na watu wakapiga makofi?"

Eliufoo alihisi macho ya watu wote mgongoni. Hasa ya Gideoni. Alitia mkono mfukoni mwa koti, upande wa kushoto, akaitoa. Ilikuwa imelowa jasho na wino umetambaa, lakini tarehe ilisomeka.

"Niliisoma," alisema. "Sikuiamini."

"Uliniambia haikufika," Gideoni alisema.

"Nilikudanganya."

Gideoni alifikiri. "Hilo nitalipeleka barazani."

"Lipeleke."

"Pamoja na la migomba."

"Pamoja na la migomba."

"Loo, Wapare!" Sefu alisema, akajilaza chali kwenye majani, mikono ameitandaza. "Mimi nimepokea mgonjwa mara tano leo. Na mimi nina kesi. Nani atanipokea mimi?"

Watu walicheka, Athumani naye, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Katikati ya kicheko kile Tumainieli aliinua kichwa.

"Sasa, mzee. Hawezi kulala hapa. Juu kuna chumba lakini hakuna kitanda. Chini kuna kitanda lakini kiko vipande vipande kando ya njia, na nyumba ya zahanati ni ule msingi wa mbuzi. Tumpeleke wapi?"

Eliufoo alifungua mdomo. Alikuwa ameahidi juu. Lakini juu aliyoiahidi ilikuwa imeteremshwa na punda saba, na ilikuwa imekaa hapa mbele yake ikiwa na sindano mkononi. Chini kulikuwa na nyumba yenye madirisha mawili na mbu. Alitazama mlima, akatazama tambarare. Watu wa pande zote mbili walikuwa wamechanganyika kwenye majani kiasi kwamba hakuweza tena kusema nani ni wa wapi. Ndipo akainama kwenye machela, akauliza swali ambalo kwa miaka yote hakuwahi kumwuliza, kwa maana kila mara alikuwa amekwisha kuwa na jibu.

"Mama Kaanaeli. Wewe unataka wapi?"

Macho ya Yudith yalikuwa wazi. Yalizunguka taratibu juu ya nyuso zilizomwinamia, Mwanamkasi, Dorkasi, Sefu, na yakasimama kwa mlinzi mwenye pembe.

"Huyu Gideoni," alisema kwa sauti ya karatasi, "amefuata nini huku?"

Gideoni akaishusha pembe begani.

"Kwanza mnipe maji," alisema Yudith. "Halafu nitawaambia."